Mzee wa Morris

Sisi wachuuzi wa Kiswahili tuliokuwa Guangzhou tulimwita Mzee wa Morris, na yeye akaitika. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini miaka yote ile sikumsikia mtu akilitumia, na mimi sitaanza leo. Ukisimama kwenye ngazi za maduka ya viatu ya Zhanxi ukauliza Mzee wa Morris yuko wapi, hata wasukuma mikokoteni wa Kichina walikuonyesha kwa kidole. Morris ni nini walikuwa hawajui. Nadhani waliamini ndiyo nchi yake.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Mimi nilikuwa na duka la viatu Kariakoo, nakwenda na kurudi, na Kichina changu chote kilikuwa bei gani, punguza, na meiyou, jibu tulilopewa kutwa nzima na wenye maduka, maana yake hakuna. Mzee alikuwa Mzanzibari na alikuwa ameshakaa China muda mrefu kuliko sisi sote. Alitufasiria, alitutafutia maghala, alisimama juani kuhakikisha kontena la mtu halijazwi mabovu. Ukitaka kumshukuru alikukatiza. "Haya, haya, yameisha, twende tukale."

Biashara yake mwenyewe ilikuwa spea za magari ya Kijapani, na hapo ndipo nilipoanza kumcheka. Magari ya Kijapani alikuwa hayapendi hata kidogo. Alikula kwa kuyauza, alilipa kodi ya chumba kwa kuyauza, na kila alipofunga sanduku la spea za Toyota alikunja uso kama aliyepewa taka za jirani abebe. Nikamwambia siku moja, "Mzee, huoni haya? Unalitukana sufuria linalokupikia?" Akajibu bila kuniangalia, "Hilo ni sufuria, mwanangu. Mie nazungumzia gari."

Na gari, kwake, lilikuwa Morris peke yake.

Tulikuwa tukikutana mchana kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina, nyuma ya maduka, kula tambi za nyama ya kondoo. Mzee alikula polepole sana, maana mdomo ulikuwa na kazi nyingine. Alichovya kidole kwenye chai akachora mezani. Alianzia Oxford, kwa fundi baiskeli aliyeamua kutengeneza magari. Akachora gari la kwanza, lenye pua ya duara ya shaba, ambayo Waingereza wenyewe waliifananisha na pua ya fahali. Akafuta kwa kiganja. Akachora nembo: ng'ombe anavuka maji ya mto. Akafuta. Akaja kwenye Morris Eight, yenye ubao wa kukanyagia mlangoni, iliyobeba madaktari na makarani kabla ya vita. Na baada ya hapo sauti yake ilibadilika, kwa sababu sasa alikuwa amefika kwenye Minor.

Hadithi ya Minor niliisikia mara nyingi mpaka naweza kuisimulia usingizini. Wakati gari liko karibu kuanza kuuzwa, aliyelichora akalitazama, akaona ni jembamba mno. Akaamuru wakate lile la mfano katikati, kuanzia pua mpaka mkia, wavute nusu mbili ziachane upana wa kiganja, wajaze pale katikati. Ndiyo maana boneti ya Minor ina ule ukanda katikati. "Walilikata vipande viwili," Mzee alisema, "wakaliunga, na hapo ndipo lilipopendeza!" Kisha aliendelea na vioo: kwanza cha mbele kilikuwa vipande viwili vyenye mwimo katikati, baadaye kikawa kimoja. Taa zilikaa chini karibu na bampa, zikapandishwa juu ya mabawa. Vile vimikono vilivyochomoza ubavuni kuonyesha kona vikaondolewa, zikaja taa za kuwakawaka. Likaja na lile la ubao, lenye mbao za kweli nyuma, ambazo zisipotunzwa huota uyoga. Yalipotimia milioni walipaka rangi ya zambarau iliyopauka machache ya kuadhimisha. Rangi hiyo Mzee hakuipenda. "Mambo ya arusi za watu," alisema.

Mwisho wa hadithi aliukimbiza. Minor ikakoma, ikaja Marina, ikaja Ital, na miaka ya themanini haijafika katikati jina lenyewe likafutwa kwenye magari. Alisema tu, "Wakaacha," halafu akaita chai nyingine. Mkenya mmoja kijana, mnunuzi wa nguo kule Zhanqian, mwenye mdomo usio na breki, alimwambia mbele ya watu, "Mzee, hiyo gari ilidedi kitambo, maze. Si ununue tu Toyota urudi home?" Tulidhani atakasirika. Mzee akajifuta ndevu. "Aliyekufa ni mwenye kiwanda, kijana. Gari langu halijafa. Limekaa tu, linanisubiri."

Kweli alikuwa nalo, uani kwake, Ng'ambo, Unguja. Minor ya kijani. Habari zake alinipa siku tuliyonaswa na mvua mtaa wa Yide Lu, tumebanana chini ya kibaraza cha duka la samaki wakavu, madaftari niliyomnunulia dada yangu tumeyafunika kwa koti lake. Mvua ya kule ikiamua haitanii. Mzee alisimama anaangalia maji yanavyokimbia barabarani, akasema kwamba mke wake alimtoa Makunduchi kwa gari lile. Mama mkwe alilia sana pale kibarazani, na yeye bwana harusi, ujana una mambo, akapiga honi kuzima kilio. Njiani bibi harusi akanuna. Mzee akamwahidi kwamba kila mwaka atamrudisha kwao kwa gari hilo hilo, akasalimie, akae anavyotaka.

"Ukatimiza?" nikauliza.

"Nilitimiza. Kila mwaka. Tukipita Kusini watoto walikuwa wanatukimbilia wanaita honi." Akalivuta koti juu ya madaftari. "Mpaka gurudumu la mbele lilipolala."

Gurudumu la mbele la Minor linashikiliwa na kifundo cha chuma chenye hesi, ile mikunjo ya skrubu, ndani, na kifundo hicho kinataka grisi daima. Ukikinyima, hesi zinaliwa, na siku moja gurudumu linalala chini ubavu, barabarani, umo ndani. Kwao lililala wakiwa njiani kwenda Makunduchi na mkewe ana mkungu wa ndizi mapajani. Grisi ilikuwa haipatikani miaka ile, wala kifundo. Gari likavutwa hadi uani. Mzee akaenda Dubai, akaenda Hong Kong, akafika Guangzhou. Alipoaga alimwambia mkewe miezi mitatu.

Nilimuuliza kwa nini asiagize tu Uingereza, maana kule wapo wazee wenye pesa zao wanaoyatunza magari hayo mpaka yanang'aa. Akajibu kwamba hawezi kwenda kumwomba mtu aliyeliacha gari lake. Jibu hilo lilinikera. Nilimpenda yule mzee, namkumbuka mpaka leo nikipita mahali panaponukia grisi, lakini ukaidi wake ulinifanya nitamani kumpiga na kandambili.

Basi akawa analikamilisha gari kwa mbali. Kila alichokumbuka kimechoka, alitafuta mtu wa kukitengeneza: mipira ya milango, kioo cha taa, vile vimikono vya kona, nembo ya ng'ombe. Na kila aliyekuwa anarudi nyumbani alipewa kifurushi. Sisi tuliokuwa kule tunajua ilivyokuwa: huwezi kuruka hivi hivi, lazima ubebe mzigo wa mwenzio, na wewe zamu yako ikija utabebewa. Wakati mwingine nilikuta nembo ya ng'ombe imefichwa ndani ya raba zangu. Watu walipeleka mpaka Ng'ambo, wakakaribishwa chai, wakaondoka. Vifurushi vilikwenda miaka na miaka, na Mzee alibaki. Kilichokuwa kimesalia, alisema, ni kifundo. Kifundo kikipatikana anarudi, anampakia mkewe, wanakwenda Makunduchi. Sitaki kudanganya: kufikia hapo sikumwamini tena. Nilidhani anaogopa, ila sikujua anaogopa nini.

Halafu akampata wa kukitengeneza. Kile kibovu chenyewe alikuwa nacho miaka yote, amekifunga kwenye soksi pamoja na msumari wake, ule mhimili unaoingia ndani yake. Akanichukua siku moja twende wote kwenye karakana nje ya mji, kwa sababu njiani ndipo palipokuwa na kiwanda cha soli nilichokuwa nakitafuta. Laoban, yaani mwenye karakana, alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikigeuza kifundo, akakinusa, ndiyo, alikinusa, akaandika vipimo. Mzee alimwambia kwa Kichina, kisha akanifasiria kwa fahari, "Nimemwambia atengeneze viwili, kimoja cha akiba, sawasawa na hiki. Asizidishe, asipunguze."

Tuliporudi kuvichukua, Laoban alitandika gazeti mezani akavipanga. Vilipendeza kama vyombo vya arusi. Mzee akatoa msumari kwenye soksi, akaingiza kwenye kifundo kipya, akazungusha. Ukaingia bila kukaza. Akautikisa, ukacheza huku na huku. Akajaribu cha pili, hali ile ile. Laoban naye, ameshangaa kwa nini mteja hafurahi, akachukua kile kifundo cha zamani, akatia msumari humo, akautikisa mbele ya macho yetu. Ukacheza vile vile. "Yiyang!" akasema, uso umemjaa tabasamu. "Yiyang!" Yaani sawasawa. Alikuwa amepima hata ulaji wa zile hesi, akautengeneza upya kwa uangalifu mkubwa. Vifundo vipya, vinang'aa, vimechoka tayari.

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mzee naye alianza kucheka, kisha akakaa kwenye kigoda cha Laoban, na kicheko kikamwishia. Akasema taratibu, "Nimesahau, mwanangu. Nimesahau lilivyokuwa zima. Nimekaa na ubovu wake miaka yote hii mpaka nikaona ndiyo sura yake." Hapo nilimhurumia kweli. Nilimnunulia soda.

Lakini hakuwa mtu wa kulala chini. Msumari ule ulikuwa na ncha moja ambayo haikuwahi kufanya kazi, haikuliwa. Akampa Laoban ncha hiyo kuwa kipimo, akamwambia kifundo kikaze hapo. Awamu hii vilikaza. Mzee alivizungusha mara nyingi, sikio amelitega, anasikiliza chuma kinavyong'ang'ana. Alipotosheka alivifunga kwenye kitambaa, akanikabidhi mimi, kwa kuwa nilikuwa naondoka juma lile.

"Mzee, si uvipeleke mwenyewe?" nikamuuliza. "Hiki ndicho cha mwisho, umesema."

"Ntakuja nyuma yake. Kwanza mafundi wakifunge, gari liwake. Siwezi kumtokea yule nikiwa mtu wa miguu."

Vifurushi vya nyuma niliwapa wasafiri wa boti wavivushe; safari hii nikavuka mwenyewe kwenda Unguja na vifundo vimo mkobani. Nyumba niliipata bila shida. Nikapiga hodi, nikaitikiwa karibu, nikavua viatu mlangoni kando ya viatu vya mwenye nyumba, nikaingia. Mke wa Mzee alikuwa mama mwembamba mwenye nywele za hina, anatembea ameshika ukuta kwa sababu ya goti. Nikampa shikamoo, akaniletea chai na mkate wa kumimina. Nilipompa kifurushi hakukifungua. Alikipima uzito mkononi, akafungua sanduku kubwa la mbao pale sebuleni, akakilaza ndani. Nikachungulia, mimi bwana siwezi kujizuia. Vilikuwemo vyote. Mipira ya milango, vimikono, kioo cha taa kwenye boksi la viatu kutoka Zhanxi, nembo ya ng'ombe. Vyote vimefungwa vile vile kama vilivyoondoka Guangzhou; nilivitambua kwa maumbo yake.

"Mama," nikasema, "naomba unionyeshe hilo gari. Nimelisikia mpaka nimechoka."

Akajitanda kanga. Kisha akanichukua uani. Palikuwa na kamba za nguo, ndoo, na jiwe la kusugulia. Gari halikuwepo.

"Nimeliuza, mwanangu. Zamani. Nshachoka kulifuta vumbi."

 Nikamuuliza kwa nini basi anapokea vifurushi, kwa nini hakumwambia mtu.

"Wakija wanakunywa chai, wananiuliza afya, wanakwenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari. Mie ntaanzaje?" Akakalia ndoo iliyofunikwa, akanyoosha goti. "Na hivyo vyuma, vimetoka mikononi mwake. Nikivikataa, ntakuwa nimemwambia aache kunikumbuka. Lakini sasa umeniuliza wewe. Basi wewe ndiye utakayemwambia. Mwambie gari nimeliuza. Mwambie mwenyewe nipo."

Safari ya kurudi Guangzhou sikuipenda. Sijawahi kubeba mzigo mzito namna ile, na ulikuwa hauna hata kilo. Niliwaza kwamba mzee wa watu ameishi kwa lile gari la kijani la uani, na mimi naenda kumng'olea. Nikimwambia, huenda asirudi kabisa, maana atarudi kwenye nini? Na nisipomwambia, yule mama atazeeka anapokea vyuma.

Nilimkuta mgahawani, mahali pake, bakuli la tambi mbele. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba huku keshaanza kuuliza. "Vimeingia? Vimekaza? Nani amefunga?"

Nikakaa. Nikamwambia yote kama nilivyoambiwa, bila kuyapamba, kwa sababu najijua nikianza kupamba nitadanganya. Vijiti vyake vya kulia vilibaki hewani. Tambi zikapoa. Mgahawa ulikuwa na kelele zake za kawaida, mpishi anapiga unga mezani.

Kisha akauliza, "Lilitokaje uani? Halina gurudumu."

"Vijana walilinyanyua mbele wakalisukuma, alinihadithia mwenyewe. Yeye alikaa ndani, akashika usukani."

"Hajui kushika usukani."

"Alishika, Mzee."

Akaweka vijiti chini. Akapitisha kiganja usoni, na kilipoteremka niliona machozi, nikageuza macho nikaangalia mpishi. "Akasema mwenyewe yupo," nikarudia, nikidhani labda hakusikia mara ya kwanza.

"Nimesikia." Akavuta pumzi. "Yukoje?"

Nilikuwa nimemjua mtu huyu miaka, nimebeba vifurushi vyake sijui vingapi, na hakuwahi kuniuliza swali hilo. Nikamweleza. Amepungua. Anapaka hina. Goti linamsumbua, anashika ukuta, ila jikoni anaimba. Mkate wake wa kumimina umenishinda kuuacha. Mzee, aliyekuwa akimsahihisha kila mtu kwa kila jambo, alisikiliza mpaka mwisho hakunisahihisha hata kidogo.

Akalipia tambi ambazo hakula, akaniomba nimpeleke Zhanxi. Miaka yote amenitembeza mimi madukani, siku hiyo nikamtembeza yeye. Tukasimama kwenye duka moja la viatu vya kike, akachagua vya ngozi laini, visivyo na kisigino, akaniuliza kama vitamfaa mtu mwenye goti. Nikasema vinafaa. Binti wa dukani akamuuliza saizi.

Mzee akafungua mdomo. Mtu aliyejua Minor ilitanuliwa upana gani, aliyejua hesi ya kila msumari wake, akasimama pale ameshika kiatu kimoja, na Kichina chote kikamkimbia. Akasema kwa Kiswahili, "Sijui."

Binti hakuelewa. Mimi nilielewa.

"Thelathini na saba," nikasema.

"Una hakika?"

"Viatu vyake vilikuwa mlangoni, Mzee. Na mimi kazi yangu viatu."

Akairudia namba hiyo polepole, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kichina kwa ajili ya binti. Viatu vikaletwa, vikafungwa kwenye boksi. Tulipotoka nje, kwenye msongamano wa mikokoteni, nikanyoosha mkono kwa mazoea, kama tulivyofanya siku zote. "Nipe nikupelekee. Naondoka Jumamosi."

Akalikumbatia boksi kwa mikono miwili.

"Hili," akasema, "napeleka mwenyewe."